Kuunganisha, Kugawana na Kupokezana: Uhakiki wa Lugha ya Miongozo ya Timu za Kadi za Mtandao katika Seva za Mashine Pepe

Ikisiri

Makala hii inahakiki lugha ya miongozo inayoeleza namna ya kuziweka kadi mbili au zaidi za mtandao katika timu moja kwenye seva inayobeba mashine pepe. Hoja yake ni kwamba kitenzi kimoja, kuunganisha, kimebebeshwa kazi tatu zenye matokeo tofauti, na kwamba mkanganyiko huo hauishii katika chumba cha seva: unaingia katika hati za zabuni, katika bajeti na katika ahadi zinazotolewa kwa umma. Makala inapendekeza vitenzi vya kutendana vya Kiswahili vitumike kuzitenganisha kazi hizo, na inaonyesha pia mahali ambapo pendekezo hilo lenyewe lina udhaifu.

Chumba ambacho Kiswahili hakijakifikia

Kiswahili cha kompyuta kilianzia mezani kwa karani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili katika menyu zake. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake katika muongo huohuo. Matunda ya kazi hiyo yanaonekana hadi leo: watu hufungua faili, huhifadhi, hubofya, hupakua. Lakini mlango wa chumba cha seva ulibaki umefungwa. Anayeingia humo huacha Kiswahili nje pamoja na viatu vyake, na anapotoka huja na maneno ambayo hawezi kumweleza mkurugenzi wake isipokuwa kwa kuyataja kama yalivyo.

Hali hiyo ingeweza kuvumilika wakati ambapo Kiswahili hakikuwa na cheo rasmi nje ya nchi mbili tatu. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, katika kifungu cha 137, ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Tangu hapo mambo yamesogea. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo, na mwaka huohuo Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha yake ya kazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ikaja na mafundi waliosomeshwa kwa Kifaransa. Fundi wa Goma aliyesoma kwa Kifaransa na fundi wa Kampala aliyesoma kwa Kiingereza, wakipigiana simu usiku kwa sababu seva imenyamaza, wana lugha moja tu ya kuelewana kwa haraka. Swali ni kama lugha hiyo ina maneno ya kazi wanayoifanya.

Kazi iliyochaguliwa kuchunguzwa hapa ni ndogo na ya kila siku. Seva moja yenye nguvu hubeba mashine pepe kumi, ishirini au zaidi: moja ya barua, moja ya hifadhidata, moja ya malipo, na kadhalika. Zote zikitoka nje kwa kebo moja, kebo hiyo ikichomoka zote huzimika machoni pa watumiaji, ingawa hakuna hata moja iliyoharibika. Kwa hiyo seva hupewa kadi mbili, nne au zaidi, na kadi hizo huwekwa pamoja ili mfumo uzione kama kadi moja. Jambo hilo ndilo ambalo miongozo huliita, kwa majina tofauti, timu, kifungo au mkusanyo wa viungo.

Neno moja, kazi tatu

Microsoft na VMware wanatumia jina linalotokana na timu. Watunzaji wa Linux wanatumia jina linalotokana na kufunga au kugandamanisha. Taasisi ya viwango ya IEEE, iliyopitisha kiwango cha 802.3ad mwaka 2000 na kukihamishia katika 802.1AX mwaka 2008, inazungumzia kukusanya viungo. Majina haya matatu hayana maana moja hata katika lugha yake ya asili, lakini yanapofika katika Kiswahili cha mafunzo humiminwa katika chungu kimoja: kuunganisha kadi. Hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa maana msikilizaji wa Kiswahili akisikia vitu viwili vimeunganishwa huelewa kwamba vimekuwa kimoja kilicho kikubwa zaidi. Mabomba mawili yakiunganishwa, maji huongezeka. Kamba mbili zikiunganishwa, urefu huongezeka. Basi kadi mbili za gigabiti 1 kwa sekunde zikiunganishwa, inaonekana wazi kwamba kuna gigabiti 2.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa jumla na si sahihi kwa kila mmoja, na tofauti hiyo ndiyo roho ya jambo lote. Chukua nakala ya akiba yenye gigabaiti 500 inayotoka kwenye seva kwenda ghala la data. Gigabaiti 500 ni gigabiti 4,000. Kwa kadi moja ya gigabiti 1 kwa sekunde, hata njia ikiwa safi kabisa, kazi hiyo huchukua sekunde 4,000, yaani takriban dakika 67. Mkurugenzi anayeambiwa kwamba kadi nne zimeunganishwa hutarajia dakika 17. Atakapotazama saa ataona dakika 67 zilezile, na ataamini kwamba fundi hajui kazi au kwamba muuzaji ametapeli. Huenda hakuna aliyekosea. Mazungumzo mamoja kati ya mashine mbili hupitishwa kwenye kadi moja, mwanzo hadi mwisho, ili pakiti zisifike zikiwa zimepitana njiani. Kadi nne husaidia pale panapokuwa na mazungumzo mengi yanayoweza kutawanywa. Hazisaidii mazungumzo mamoja makubwa.

Kiswahili kina neno la zamani linaloonyesha tofauti hii bila hesabu yoyote. Watu wawili wakibeba mzigo mmoja uliotundikwa kwenye mti, kila mmoja akiwa na ncha yake begani, wamebeba mzegazega. Timu za kadi, kwa sehemu kubwa, hazibebi mzegazega. Ni msafara wa wapagazi: kila mmoja na mzigo wake, na mzigo mzito kuliko uwezo wa mpagazi mmoja haupati wa kuusaidia, hata kama nyuma yake wanatembea watatu mikono mitupu.

Mwongozo wa kiendeshi cha Linux, ambao kwa uandishi ni mbovu na kwa ukweli ni bora kuliko yote, unaeleza aina saba za timu, kuanzia 0 hadi 6. Kati ya hizo ni aina ya 0 peke yake, ile inayotuma pakiti kwa zamu, pakiti moja kadi hii na ya pili kadi ile, ambayo huyawezesha mazungumzo mamoja ya TCP kutumia uwezo wa kadi zaidi ya moja. Hiyo ndiyo mzegazega. Mwongozo hauishii hapo. Unaonya mara moja kwamba pakiti hufika zikiwa zimevurugika mpangilio, na kwamba mpokeaji huanza kuomba zirudiwe, hivyo faida huliwa na gharama. Miongozo ya makampuni ina lugha laini zaidi na huuweka ukweli kama huu mbali na ukurasa wa kwanza, ambapo msomaji hukutana na ahadi ya kasi na uhakika kwa pamoja.

Shufwa na witiri

Inafaa kukaa kidogo katika suala la namna mizigo inavyogawanywa, kwa sababu hapa ndipo neno la Kiingereza linalotafsiriwa kwa kawaida kuwa kusawazisha mizigo linapopotosha zaidi. Kusawazisha ni kitendo cha mtu anayetazama mizani, akaona upande mmoja umeinama, akapunguza huku na kuongeza kule. Njia nyingi za timu hazitazami mizani yoyote.

Katika mfumo wa ESXi wa VMware, chaguo-msingi huipa kila kadi ya mashine pepe mlango wake kwenye swichi pepe, na kila mlango hupangiwa kadi moja halisi. Mashine inaweza kuwa nzito au nyepesi, mfumo hauulizi. Ikitokea kwamba mashine mbili nzito zimepangiwa kadi moja, zitabanana humo huku kadi ya pili ikiwa haina kazi. Mpango mwingine hutumia anwani za IP za mtumaji na mpokeaji: anwani hizo mbili huchanganywa kwa hesabu ya biti, kisha jibu hugawanywa kwa idadi ya kadi, na kinachobaki ndicho namba ya kadi. Kwa timu ya kadi mbili, hesabu hiyo yote huishia kwenye swali moja: je, anwani hizo mbili zote ni shufwa au zote ni witiri, au moja ni shufwa na nyingine witiri? Sasa fikiria msimamizi nadhifu aliyezipa mashine zake namba za mwisho 10, 12, 14 na 16, akaliweka ghala la data kwenye 20. Namba zote ni shufwa. Mazungumzo yote kati ya mashine hizo na ghala yatapita kwenye kadi moja, siku zote, na kadi ya pili haitapata chochote katika safari hiyo. Unadhifu wake ndio uliomponza.

Je, hicho ni kitendo cha kusawazisha? Ni kugawana, na kugawana kwa Kiswahili hakuahidi usawa. Ndugu hugawana urithi na mmoja akaondoka na minazi, mwingine na deni. Neno kugawana lina faida ya kumfanya msomaji aulize: wamegawana kwa kigezo gani? Neno kusawazisha linamnyima swali hilo, kwa kuwa limekwisha kumjibu. Tafsiri iliyo aminifu kwa neno la Kiingereza imekuwa si aminifu kwa kitu chenyewe, na mhakiki wa istilahi hana budi kuchagua kitu.

Kufungamana na swichi

Kazi ya tatu ni ile ya kiwango cha IEEE, ambayo katika Linux ni aina ya 4. Hapa seva haifanyi uamuzi peke yake. Seva na swichi hutumiana ujumbe mfupi kwa itifaki ya LACP, zikakubaliana ni kebo zipi zimo katika kundi na zipi hazimo. Ni mkataba wa pande mbili, na upande mmoja ukiwa haukuupata ujumbe huo, kundi haliundwi inavyopaswa. Kuita jambo hili kuunganisha ni kuficha nusu ya watu wanaohusika: msimamizi wa swichi, ambaye katika taasisi nyingi ni mtu mwingine, mwenye ofisi nyingine na mara nyingine mwenye mkataba na kampuni nyingine. Kitenzi kufungamana kinamrudisha mezani, kwa kuwa mtu hafungamani peke yake.

Kufungamana kuna sharti ambalo washauri wa sera wanapaswa kulifahamu kabla ya kutia saini. Kebo zote za kundi moja zinapaswa kuingia katika swichi moja, au katika swichi mbili zilizotengenezwa ili zijionyeshe kama moja. Swichi za aina hiyo ya pili zipo na zinagharimu zaidi. Taasisi iliyonunua swichi mbili za kawaida, kisha ikaagiza kufungamana, italazimika kuzipeleka kebo zote kwenye swichi moja, na swichi hiyo ikizimika timu nzima huzimika nayo. Kwa taasisi kama hiyo, timu nyepesi ya kupokezana, ambayo kebo moja huingia swichi hii na nyingine swichi ile bila mapatano yoyote, ingekuwa kinga bora kwa bei ndogo. Mtu anayesoma neno moja tu, kuunganisha, hawezi kujua kwamba amechagua kati ya mambo mawili yanayopingana.

Historia ya Windows Server inaonyesha kwamba hata jina lilelile halidumu na maana yake. Toleo la 2012 lilileta timu ndani ya mfumo endeshi wenyewe, hadi kadi 32 katika timu moja. Toleo la 2016 likaleta timu nyingine inayoishi ndani ya swichi pepe ya Hyper-V, isiyozidi kadi 8, inayotaka kadi za aina moja na kasi moja, na isiyoweza kufungamana na swichi kwa LACP. Kufikia toleo la 2022, kuitumia timu ya kwanza chini ya swichi pepe kulikuwa kumewekwa katika orodha ya mambo yanayoachwa. Kijitabu cha mafunzo kilichoandikwa mwaka 2013 kikisema tu wekeni timu, leo kinamwelekeza mwanafunzi mahali ambapo mtengenezaji mwenyewe amekwisha kuondoka.

Kupokezana, na upinzani wake

Kwa kazi ambayo kadi moja inafanya kazi na nyingine inasubiri, makala hii inaona kwamba Kiswahili hakihitaji kukopa. Kila mtoto wa shule anazijua mbio za kupokezana vijiti, na kila mtazamaji wa mpira anamjua mchezaji wa akiba. Kadi ya akiba ni jina linaloeleweka mara moja: ipo, imevaa jezi, haichezi. Hata neno timu hupata maana njema kwa mtazamo huu, kwani timu ya mpira haifungi mabao mara kumi na moja zaidi kwa kuwa na wachezaji kumi na mmoja.

Hata hivyo kitenzi kupokezana kinaweza kupingwa, na upinzani huo ni wa haki. Wauguzi hupokezana zamu asubuhi na jioni, bila yeyote kuugua. Msomaji anaweza kuelewa kwamba kadi hizi nazo hubadilishana kwa ratiba, jambo ambalo liko karibu zaidi na aina ya 0 ya Linux kuliko aina ya 1. Suluhisho moja ni kuliweka neno zamu upande wa aina ya 0 pekee, na kukiacha kupokezana kimaanishe kupokea baada ya mwenzake kuanguka. Suluhisho la pili ni kuachana na kutendana na kusema kwa urefu: kadi ya akiba inashika nafasi. Urefu huo haudhuru kitu katika kitabu, lakini kwenye kitufe cha programu haupati nafasi. Uamuzi kati ya njia hizi mbili haufai kufanywa na kamati ya wanaisimu iliyoketi bila fundi hata mmoja. Njia rahisi ya kuupima upo: mafundi wapewe maelekezo yenye neno moja au jingine, watakiwe kueleza kitakachotokea kebo ya kwanza ikichomolewa, na majibu yao yahesabiwe.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kazi bure, kwa kuwa anayeingia chumba cha seva anajua Kiingereza au Kifaransa cha kutosha. Hoja hiyo inamtazama msomaji mmoja tu. Maamuzi juu ya timu za kadi hupitia kwa mtu wa ugavi anayelinganisha bei, kwa mhasibu, kwa mkaguzi, na kwa mkuu wa idara anayeuliza kwa nini kadi nne zinunuliwe ilhali kompyuta yake ina moja. Hati ya zabuni inayosema seva iwe na kadi nne za gigabiti 1 zilizounganishwa ili kupata kasi ya gigabiti 4 inaweza kutimizwa kikamilifu na mzabuni, ikakaguliwa, ikalipwa, na bado taasisi isipate ilichokitaka. Na hapana wa kushtakiwa, kwa kuwa kila neno la hati limetimizwa. Kama shida yake ilikuwa ghala moja la data linalosomwa na mashine moja kubwa, ingefaa kununua kadi moja ya gigabiti 10, au kulifanya ghala lenyewe lifungue njia kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni somo jingine.

Kebo hai, njia iliyokufa

Miongozo yote mitatu inazungumzia namna timu inavyotambua kwamba kadi imeanguka, na yote hukubaliana kwamba njia rahisi ni kuangalia kama kebo ina mawimbi. Taa ikiwaka, kadi ni nzima. Tatizo ni kwamba taa huonyesha uhai wa kipande cha kwanza tu cha safari. Swichi ikiwa imewashwa lakini imekatika na ulimwengu ulio nyuma yake, taa itaendelea kuwaka, na kadi itaendelea kumeza pakiti zisizofika popote, huku kadi ya akiba ikisubiri kijiti ambacho hakitakuja.

VMware wana njia ya kutuma ishara kutoka kadi moja kwenda nyingine ili kugundua hali hiyo, lakini inahitaji kadi tatu au zaidi: kadi mbili zikishindwa kusikiana, hakuna wa kuamua nani aliyekufa. Linux wana njia ya kuuliza anwani fulani ya mbali na kusubiri jibu. Mwongozo wao unasisitiza kwamba lazima njia moja ya ufuatiliaji iwekwe, kwani kwa miaka mingi muda wa ukaguzi wa kebo ulikuwa 0 kama chaguo-msingi, na 0 hapo maana yake ni kutokagua kabisa. Tafsiri inayosema tu kwamba mfumo hufuatilia viungo haimwambii msomaji jambo hili. Kiswahili kinaweza kutofautisha kwa urahisi kati ya uhai wa kebo na uhai wa njia, na tofauti hiyo ikiwekwa katika fomu ya kupokea kazi kutoka kwa mkandarasi, jaribio lake ni la dakika tano: kebo ya seva iachwe mahali pake, ichomolewe ile inayotoka swichi kwenda juu, kisha itazamwe kama mashine pepe bado zinajibu.

Hapa pia ndipo pa kukumbusha jambo lisilo la lugha. Milango miwili ya kebo iliyo kwenye kadi moja hufa pamoja kadi ikifa. Miongozo huhesabu milango. Mnunuzi hufikiri amehesabu kadi. Katika Kiswahili cha kila siku neno kadi humaanisha kipande kizima, hivyo hati inayosema kadi mbili ina nguvu zaidi kuliko hati ya Kiingereza inayotumia neno moja kwa vyote viwili, mradi mkaguzi afungue seva na kutazama ndani.

Bwana na mtumwa

Mwongozo wa Linux unaiita timu nzima bwana na kila kadi iliyomo mtumwa. Kwa msomaji wa Kiingereza huenda maneno haya yalikwisha kufifia kwa mazoea kabla ya mjadala wa mwaka 2020, ambao uliwafanya watunzaji wa Linux kuagiza kwamba istilahi hizo ziepukwe katika kazi mpya. Katika kiendeshi hiki zimebaki, kwa kuwa programu nyingi za nje hutegemea majina hayo ya zamani na kuyabadilisha kungezivunja.

Mtafsiri wa Kiswahili hana kinga ya mazoea. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na ukoo unaojua babu yake alishuka upande gani wa soko hilo haujaisha pwani wala bara. Kuandika kwamba mtumwa ameanguka na bwana amemchagua mtumwa mwingine ni tafsiri sahihi neno kwa neno, na hakuna mhariri wa Unguja wala wa Ujiji anayepaswa kuipitisha. Microsoft wanasema mwanachama wa timu, na mwanachama linatosha. Panapobidi kuandika amri yenyewe kama kompyuta inavyoitaka, amri iandikwe ilivyo, na maelezo yanayoizunguka yatumie kadi mwanachama.

Kinyume chake, jozi ya mwenyeji na mgeni, inayotumika kwa seva na mashine pepe zake, imeingia Kiswahili kama mtu aliyefika kwao. Mwenyeji huwapa wageni mahali, mwenyeji akiugua wageni huhamishiwa kwa jirani, na mgeni hachagui mlango wa kutokea. Jozi hiyo inaeleza mambo mengi kuliko neno pepe, ambalo limechoka kwa kubeba barua, pesa na sasa mashine, na ambalo humfanya msikilizaji mpya adhani kwamba mashine hiyo imo hewani, ilhali imo katika sanduku la chuma lenye kebo zinazoweza kukatwa na panya.

Suala lililobaki bila jina

Kuna tukio moja ambalo miongozo hulipa mstari mmoja tu, na ambalo halina kitenzi kilichotulia katika Kiswahili. Kadi ya kwanza ikianguka, ya akiba ikashika nafasi, kisha ya kwanza ikapona: je, irejeshewe nafasi yake? Katika VMware jibu la chaguo-msingi ni ndiyo. Katika aina ya 1 ya Linux jibu hutegemea kama msimamizi aliitaja kadi fulani kuwa ya kwanza. Akiitaja, hurejea kila inapopona, na asipoitaja, aliyeshika hubaki. Kebo yenye kiungo kilicholegea, inayokufa na kufufuka kila baada ya nusu dakika, huigeuza tofauti hiyo kuwa usiku mzima wa mashine pepe kukatika na kurudi, na mazungumzo ya hifadhidata kuvunjika njiani. Kurejeshewa linafaa kwa hali ya kwanza. Kwa hali ya pili, mafundi wanaweza kusema kubaki, kuendelea au kukalia, na kila neno lina rangi yake: kukalia hasa linamshutumu aliyebaki kana kwamba kiti hakikuwa chake. Kamati itakayoandaa istilahi za chumba cha seva ianze na jozi hii, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa kwenye simu ya usiku.